Kompyuta Uliyoiunga Mwenyewe Inagoma: Fuata Dalili Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Jumamosi moja jioni kijana wa mtaa wa pili alinijia amekumbatia kasha la kompyuta. "Shikamoo fundi. Imekufa. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini giza." Alikuwa amekusanya vifaa kwa miezi saba, kimoja kimoja, kila mshahara ukiingia: prosesa mpya ya Ryzen 5 5600 ikiwa na boksi lake, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya B450 ya mtumba, RAM mbili za GB 8, kadi ya grafiki ya RX 580 aliyouziwa na mtu, na pawa saplai iliyokuja pamoja na kasha. Aliyemuuzia mazabodi alimwambia prosesa imeungua. Aliyemuuzia prosesa akamwambia mazabodi ndiyo mbovu. Yeye katikati, pesa imekwisha.

Hakuna kilichokuwa kimeungua. Kompyuta ya kwanza ya kuunga mwenyewe, hasa ya bajeti ndogo inayochanganya vipya na mtumba, mara nyingi hugoma kwa sababu vifaa viwili vizima havipikiki chungu kimoja. Ukikosea hapo utanunua kifaa cha pili, nacho kitagoma vilevile, na utakuwa umelipa mara mbili kwa kosa moja. Kwa hiyo tuliza mkono, tuzifuate dalili.

Kwanza, vua kila kitu

Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kisha toa mazabodi kwenye kasha na uilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Bakiza prosesa na kipozeo chake, RAM moja tu, na pawa saplai. Kadi ya grafiki ibaki kama tu prosesa haina grafiki ya ndani. Diski, feni za kasha, USB za mbele, vyote pembeni.

Kuiwasha ikiwa nje ya kasha hakuhitaji kitufe. Tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR kwenye kona ya mazabodi, ziguse kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka hapo na ndani ya kasha ilikataa, umeshapata nusu ya jibu: tatizo ni kasha. Ama nyaya za kitufe zilikaa vibaya, ama kuna kinguzo cha shaba kimebaki chini ya mazabodi mahali pasipo na tundu la skrubu, kinagusa mgongo wake na kupiga shoti. Makasha mengi huja na vinguzo vimeshafungwa kwa ajili ya mazabodi kubwa ya ATX, wakati mwenye bajeti ndogo ananunua ndogo ya mikroATX. Kinguzo cha ziada lazima kitolewe.

Haiwaki kabisa, hata feni haitikisiki

Hapa sababu ni chache. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye O badala ya I. Plagi kubwa ya pini 24 haijaingia mpaka ikalia "tak". Au mazabodi si ya aina ya kawaida.

Hilo la mwisho linawakamata wengi wanaoanza na kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazojaa madukani Kariakoo na Luthuli Avenue. Ni mashine nzuri kwa bei, sizikatazi. Lakini Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, inapokea umeme wa mazabodi kwa plagi ya pini 8 badala ya 24, na HP na Lenovo wana mitindo yao. Ukinunua mazabodi ya mashine hiyo peke yake, pawa saplai ya kawaida haiingii bila kebo ya kubadilishia. Na zile nyembamba za kulaza mezani hupokea kadi fupi za nusu kimo tu; kadi ya kawaida hata haifungiki.

Kisha kuna jambo ninaloliandika kwa uzito. Pawa saplai za bei ndogo, hasa za zamani, zina kiswichi chekundu mgongoni chenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Kiswichi kikiwa kwenye 115 na ukachomeka ukutani, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na kinaweza kuondoka na vingine. Kiangalie kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama ni mara ya kumi. Zilizo bora hazina kiswichi hicho kwa sababu zinajirekebisha zenyewe.

Feni zinazunguka, skrini giza

Hii ndiyo dalili aliyokuja nayo yule kijana, na ndiyo yenye vyanzo vingi kuliko zote. Iende polepole.

Anza na kebo ya skrini. Kama umeweka kadi ya grafiki, kebo inaingia kwenye kadi, chini kule, wala si kwenye tundu la HDMI lililo juu karibu na matundu ya USB. Tundu la juu ni la mazabodi, na linatoa picha ikiwa tu prosesa ina grafiki ndani yake. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa namba, kama i3-12100F, maana yake haina. Kwa Ryzen, prosesa za AMD, zinazokaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4 ni kinyume: zenye grafiki ni zile zenye G, kama 5600G. Ryzen 5 5600 bila G haina picha yake mwenyewe. Kuna watu wamenunua F kwa sababu ilikuwa nafuu, wakapanga kuongeza kadi "mwezi ujao", wakakaa mwezi mzima na kompyuta isiyoonyesha kitu. Kama kadi huna leo, nunua prosesa yenye grafiki leo.

Pili, umeme wa prosesa. Juu ya mazabodi, karibu na prosesa, kuna tundu la pini 4 au 8 lililo peke yake. Likiachwa wazi, feni zitazunguka na hakuna kitakachoendelea. Plagi yake kwenye pawa saplai imeandikwa CPU na mara nyingi inagawanyika nne kwa nne. Ile ya kadi ya grafiki imeandikwa PCIe na inagawanyika sita kwa mbili. Zinafanana kwa mbali, lakini nyaya zake zimepangwa kinyume, hivyo usilazimishe moja mahali pa nyingine. Na kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za pawa saplai nyingine hata plagi ikiingia vizuri: upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Tatu, RAM. Itoe, ipanguse meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe ukiibana ncha zote mbili mpaka vishikizo vifunge. Kwenye mazabodi ya matundu manne, RAM moja huingia tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikiwa mbili, la pili na la nne. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limekaa tofauti, kwa hiyo kimoja hakiingii kwenye tundu la kingine. Kosa hutokea unaponunua. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zinakubali zote mbili, lakini mazabodi inakubali moja tu, na mazabodi mbili za jina karibu sawa zinaweza kutofautiana kwa herufi ya mwisho tu: D4 au D5. Soma herufi hiyo dukani. AM5 ya AMD, iliyotoka 2022, ni DDR5 peke yake.

Mtego mbaya zaidi wa RAM kwa mwenye bajeti ndogo ni ile ya seva. Utaikuta inauzwa GB 16 kwa bei ya kushangaza, inaingia kwenye tundu bila shida, ukubwa ni uleule, na kompyuta inabaki giza. Tazama lebo: ikiwa na R mwishoni mwa namba ya kasi, kama 2133P-R au 2400T-R, ni ya seva, na mazabodi ya kawaida ya mezani haiipokei. Ya mezani huwa na U mahali hapo. Aliyekuuzia labda naye hajui.

Na kama ni mashine ya DDR5, usikimbilie kuizima. Mara ya kwanza kuwashwa, AM5 inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijipima na RAM. Kaa, kunywa chai, kisha ndipo uhukumu.

Nne, na hapa ndipo alipokwama kijana wetu: BIOS, ile programu ya kuamsha mashine, isiyoifahamu prosesa. Soketi ya AM4 ilibeba Ryzen kuanzia 2017, na mazabodi za B450 zilitoka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Pini zinaingia, kipozeo kinafunga, umeme unapita, lakini programu iliyo ndani ya mazabodi iliandikwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa, kwa hiyo haijui inaongea na nani. Ndivyo ilivyo pia kwa mazabodi za H610 na B660 zilizokaa dukani tangu kizazi cha 12: ukiziwekea prosesa ya kizazi cha 14 zinahitaji BIOS mpya kwanza.

Tofautisha hilo na hali ambayo hakuna BIOS itakayosaidia. Soketi ya LGA1151 ilitumiwa na Intel kwa vizazi vya 6 na 7, kisha ikatumiwa tena kwa vya 8 na 9 kwa jina lilelile. i3-8100 inakaa kwenye mazabodi ya H110 kama imetengenezewa, na haitawaka, kwa kuwa inahitaji mazabodi za mfululizo wa 300. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia "soketi ni moja, itaingia". Kuingia ni hatua ya kwanza tu. Kila mtengenezaji wa mazabodi ana orodha ya prosesa zinazokubalika katika ukurasa wa bidhaa, na pembeni ya kila prosesa ameandika toleo la BIOS linalohitajika. Isome kwenye simu ukiwa dukani, kabla ya kulipa.

Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo ukingoni vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha vinapita kimoja kimoja. Kitakachoganda kimekuonyesha pa kuanzia. Kwenye mazabodi ya yule kijana kilichoganda ni cha CPU, na hapo nikaacha kabisa kuhangaika na RAM na kadi.

Inawaka, kisha inajizima

Uliza inajizima lini. Ikijizima ndani ya dakika moja au mbili bila kufanya kazi yoyote, ni joto. Fungua kipozeo utazame chini yake. Mara kadhaa nimekuta karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebandikwa kwenye bapa, pesti ya kupitisha joto haikugusa prosesa kabisa. Pengine kipozeo ni cha soketi nyingine: matundu ya LGA1700 yako mbalimbali kidogo kuliko ya LGA1200, milimita 78 badala ya 75, kwa hiyo kipozeo cha zamani hulazimishwa kikakaa upande. Na ukitoa kipozeo kwenye AM4, washa mashine ipate joto kwanza, zima, kisha zungusha kipozeo taratibu kabla ya kukivuta. Ukikivuta kwa nguvu pesti ikiwa imekauka, kinang'oa prosesa pamoja nacho, pini zinapinda.

Ikijizima unapofungua gemu au unapotengeneza video, mtuhumiwa ni pawa saplai. Hapa usiamini namba kubwa iliyo ubavuni. Geuza upande wenye jedwali, tafuta safu ya +12V, zidisha volti kwa ampea. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini safu yake ya 12V ni ampea 20 ina wati 240 tu mahali penye kazi, kwa sababu prosesa na kadi vyote vinakula 12V. RX 580 pekee inakadiriwa wati 185, na inahitaji plagi ya PCIe ya pini 8. Ongeza prosesa chini ya wati 90 na vingine vidogo, umeshakaribia 300 na kadi haijaruka juu kwa ghafla. Ile aliyopewa kijana pamoja na kasha ilikuwa na jedwali la namna hii hasa. Nilimwambia asiichomeke tena na kadi ile, na hapo sikuwa na huruma: bora ucheze na kadi ndogo isiyohitaji plagi, kama GTX 1650 ya wati 75 inayokula umeme wa tundu peke yake, mpaka upate pawa saplai ya kweli. Kwenye bajeti, kata kasha, kata taa za rangi, kata kasi ya RAM. Pawa saplai usiikate.

Tunakoishi umeme hukatika, kwa hiyo wengi wana UPS, betri ya akiba. Kama kompyuta inajizima kila UPS inaposhika, angalia wati zake halisi, zisizo sawa na VA zilizoandikwa kwa herufi kubwa. UPS ya VA 650 mara nyingi ina wati 360 hivi au chini yake, na skrini nayo imo humo.

Diski haionekani

Vijidiski vya M.2, vile bapa vinavyochomekwa juu ya mazabodi yenyewe, vina sura moja na tabia mbili. Kimoja ni SATA, kingine NVMe, vyote upana milimita 22 na urefu mara nyingi 80. Tundu la mazabodi linaweza kukubali kimoja tu, na kitabu chake kinasema kipi. Chenye mapengo mawili kwenye meno mara nyingi ni SATA. Chenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, lakini thibitisha kwenye lebo. Na usishangae diski ya zamani ikitoweka baada ya kuweka M.2: kwenye mazabodi nyingi za bei nafuu tundu hilo huchukua njia ya tundu moja au mawili ya SATA. Hamisha kebo kwenye tundu jingine.

Diski ikionekana ndani ya BIOS lakini Windows haiioni wakati wa kuisakinisha, kwa Intel za kizazi cha 11 na kuendelea tafuta mpangilio uitwao VMD ndani ya BIOS uuzime kabla ya kusakinisha.

Inafanya kazi ila ni nzito

RAM moja ya GB 16 ni dhaifu kuliko mbili za GB 8, na tofauti inaonekana zaidi ukitumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwa kuwa inaazima RAM hiyohiyo. RAM iliyoandikwa 3200 nayo mara nyingi huanza ikikimbia 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS. Ni dakika mbili za kazi.

Kadi za grafiki zina siri zaidi. RX 6400 na RX 6500 XT zinatumia njia nne tu za PCIe, yaani mapito ya data ya tundu la kadi. Kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinapoteza nguvu kwa namna inayoonekana. RX 580 ziko za aina mbili: yenye viini 2304 na ile ya 2048SP, iliyo karibu zaidi na RX 570, nayo huuzwa kwa jina la kaka yake. Mbaya kabisa ni zile kadi za kale zilizobadilishwa jina ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kabla ya kulipa mtu, mwombe awashe, fungua programu ya GPU-Z. Kadi bandia nyingi inaziandika wazi kuwa ni bandia. Asiyekubali kuwasha mbele yako, muage kwa heshima.

Kama unapanga Windows 11, prosesa ya Intel iwe angalau ya kizazi cha 8 na Ryzen iwe ya 2000 kwenda juu (zenye G za 2000 hazimo), na TPM, sehemu ya usalama ya mashine, iwe imewashwa kwenye BIOS. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo i5 ya kizazi cha 4, hata ikiwa ya bei rahisi sana, inunue ukijua utaiwekea Linux.

Turudi kwa kijana

Mazabodi yake haikuwa na kile kitufe cha nyuma cha kubadili BIOS kwa fleshi bila prosesa. Zinazokuwa nacho zinaokoa sana, kitafute unapochagua. Ikabidi tuazime prosesa ya zamani ambayo BIOS ile inaijua. Niliyokuwa nayo ni Ryzen 3 2200G, yenye grafiki ndani, hivyo hata kadi hatukuihitaji. Tukaiweka, skrini ikawaka mara moja, na toleo la BIOS likajionyesha pale pembeni: la 2019.

Tukapakua toleo jipya kutoka ukurasa wa mtengenezaji, kwa jina kamili la mazabodi pamoja na namba ya marekebisho iliyochapwa kwenye kona yake, kwa sababu faili la ndugu yake wa karibu linaweza kuiua. Fleshi tukaifomati FAT32. Nikaunganisha mashine kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii mazabodi inaweza isiamke tena. Mstari ukajaa taratibu, mashine ikajizima na kujiwasha. Tukairudisha Ryzen 5 5600 mahali pake, pesti mpya kiasi cha punje ya maharage, kipozeo juu. Kadi ya RX 580 tukaijaribu kwa pawa saplai yangu.

Kitaa cha CPU kikawaka, kikazimika. DRAM, kikazimika. VGA. Skrini ikaandika jina la prosesa yake kwa herufi nyeupe, yeye akalisoma kwa sauti, lote, na namba zake.

Kisha akachukua RAM ya pili aliyokuwa ameishika muda wote. "Hii naichomeka wapi, fundi?"

"Tundu la nne. Zima kwanza."